Maziwa ya Mama Mkubwa

Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana mwenyewe hakuwahi kuuficha vizuri: Kinu alikuwa na wivu. Si wivu wa mume. Huo hakuwa nao hata chembe. Mumewe alikuwa fundi kufuli, na angeweza kushinda kutwa nzima akiwachongea funguo wajane wa mtaa mzima bila Kinu kuinua jicho. Wivu wake ulikuwa na anwani moja tu: nyumba ya pili kutoka kona, mlango wa kijani, kwa mdogo wake wa tumbo moja.

Jina la Kinu alilipata utotoni kwa sababu ya umbo. Alikuwa mfupi, mnene, mtu wa kukaa akakaa. Ukimsukuma unaanguka wewe. Mdogo wake alirefuka, akapata shingo na vidole vya kushikia kalamu. Wageni wakija, mama yao aliwatambulisha hivi: "Huyu mdogo ana akili. Huyu mkubwa, ah, huyu ana nguvu." Kinu alikuwa na miaka kumi na miwili alipong'amua kwamba sentensi ya pili haikuwa sifa. Mdogo akasoma, akawa mwalimu wa watoto wadogo, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita vingine ila Mwalimu, hata mama aliyemzaa. Mkubwa akaenda kufanya kazi ghalani.

Lilikuwa ghala la nafaka, la mabati juu na mabati ubavuni, lenye milango mirefu ambayo malori yaliingia kinyumenyume. Kinu alikuwa mmoja wa wanawake wanane walioitwa wapiga dawa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Magunia yakishapangwa safu, unapewa unga mweupe wa kuua wadudu, unautia ndani ya soksi, unaifunga fundo, kisha unaipiga kwa kijiti juu ya magunia, pu, pu, pu, unga unashuka taratibu mpaka safu nzima inakuwa nyeupe. Soksi nzuri ilikuwa ile ndefu ya mchezaji mpira, kwa kuwa haitoi unga mwingi mno wala haibani. Kila mwanamke alikuwa na soksi yake, na haikuazimwa. Ya Kinu ilikuwa nyekundu yenye mistari, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyempita kwa kasi. Usoni hawakuvaa kitu. Vumbi likizidi, walivuta ncha ya kitambaa cha kichwa wakaing'ata kwa meno.

Kila Ijumaa msimamizi aliwagawia unga uliobaki, kijiko kwa kijiko kwenye vipande vya gazeti, wakaue kunguni na chawa nyumbani. Hiyo ilikuwa heshima, msidhani vingine. Wanawake wa mtaani waliokuwa hawana mtu ghalani walikuja kuomba chembe. Na Kinu hakuondoa macho kwenye kile kijiko. Akiona mwenzake kajaziwa, Ijumaa yake imekwisha.

"Mbona wa kwangu umeupangusa kwa kidole?" alimwuliza msimamizi siku moja, mbele ya wote.

"Kinu, hii ni sumu, si sukari."

"Kama ni sumu basi nipe sumu sawa na wenzangu."

Akarudi na haki yake, akaipaka kichwani, akainyunyiza chini ya godoro, akaisugua kwenye pembe za kitanda. Unga ule haukuwasha. Haukunuka sana. Haukuua mtu siku ile wala kesho yake. Sasa mtu angeuogopa kwa lipi?

Basi ukaja mwaka ambao dada na mdogo walibeba mimba pamoja. Kinu alikuwa amengoja miaka minane, na watu walishaanza kumsemea kisogoni. Mwalimu hakungoja hata miezi minane tangu aolewe. Hapo ungetarajia roho ya Kinu isokotwe kama nguo inayokamuliwa, lakini la. Ule ulikuwa mwaka pekee maishani mwake ambao hakumwonea mdogo wake kijicho. Walikaa jioni barazani, miguu imenyooshwa, wakilinganisha matumbo, na la Kinu lilikuwa kubwa zaidi. Alifurahi sana kwa hilo.

Jumatatu Kinu alijifungua mtoto wa kiume. Hakulia. Mkunga alimpigapiga, akampulizia, akamgeuza, kisha akamfunika. Alhamisi ya wiki hiyohiyo Mwalimu alijifungua kwa kisu, mtoto wa kike, mapafu mazima, sauti ya kuamsha wodi. Lakini mshono wa Mwalimu ukaoza, homa ikapanda, akawa mtu wa kulala na kuweweseka. Titi hakuweza kutoa. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika yote, akaanza kunyauka. Ndipo mama yao akamvingirisha mtoto katika taulo, akatembea naye mpaka kwa Kinu, akasimama mlangoni. Blauzi ya Kinu ilikuwa imelowa tangu asubuhi kwa maziwa yasiyo na mwenyewe.

Mtoto alishika titi kama aliyekuwa akilitafuta. Kinu alilia mpaka akamlowesha utosi. Alimlilia mwanawe wa Jumatatu, ndiyo, lakini katikati ya kilio kile kulikuwa na kitu kingine, kitamu, ambacho hakukitaja kwa mtu: kwa mara ya kwanza Mwalimu alikuwa na kitu ambacho bila Kinu kisingeishi. Angekuwa na shingo yake na vidole vyake na cheti chake ukutani, lakini mtoto wake alikuwa akinenepa kwa mafuta ya Kinu.

Wiki ya saba Mwalimu akarudi nyumbani, mwembamba, akitembea kwa kushika ukuta. Nesi wa zahanati alikuja kumwona, akambinya titi, likatoka tone moja la njano. Nesi akafurahi. "Hayajakatika. Mweke mtoto kifuani asubuhi na jioni, hata kama hapati kitu. Mtoto ndiye anayeyaita maziwa. Wiki mbili, tatu, utaona."

Hapa ndipo Kinu alipofanya alilofanya. Kila asubuhi, kabla ya kumpeleka mtoto kwenye mlango wa kijani, alimnyonyesha kwanza. Si kidogo. Alimnyonyesha titi la kulia, akamgeuza la kushoto, akarudi la kulia, mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo na macho yakalegea. Halafu akampeleka. Mwalimu akamweka kifuani, mtoto akageuza kichwa. Akamrudisha, akageuza tena, akapiga kelele, akajinyoosha kama kijiti. Jioni vilevile. Siku ya tano Mwalimu alifungua vifungo nusu, akavifunga tena.

"Ananikataa, dada."

"Mpe muda," Kinu akasema, akinyoosha mikono kumpokea.

"Anakutaka wewe."

"Mtoto mdogo anajua nini? Mpe muda."

Baada ya wiki mbili lile tone halikutoka tena, na Mwalimu akaacha kujaribu. Kinu akanyonyesha miezi kumi na moja.

Mtoto yule akakua akawa msemaji wa kupita kiasi, ndiyo maana wakamwita Kasuku. Aliuliza mvua inalala wapi, aliuliza kwa nini mbuzi hana nyusi. Kasuku alimwita Mwalimu mama, na Kinu mama mkubwa, kama ilivyo ada kwa dada mkubwa wa mama. Hilo neno la pili, "mkubwa", Kinu hakulipenda hata kidogo. Jumamosi zote Kasuku alikuwa kwake. Akirudi amesukwa upya, Kinu alizifumua zile nywele akasuka zake. Akija na viatu vipya, Kinu alisema vinabana. Akisema "mama amesema", Kinu alihisi kama mtu kamkanyaga kidole. Walipotoka wote watatu, Kasuku alitembea katikati, mkono wa kulia kwa mama, wa kushoto kwa mama mkubwa, na wakifika barabarani kila mmoja alimvuta kidogo upande wake. Mtu asiyejua angedhani ni mchezo.

Mbele za watu walirushiana methali. Kinu, huku akichambua mboga: "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Mwalimu, bila kuinua kichwa kwenye madaftari: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Majirani walicheka, nao wakacheka. Fundi kufuli peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa mtu aliyezoea kusikiliza vitu vidogo ndani ya vyuma, na kuna siku alimwambia mkewe, "Una wako sasa. Mwachie mwenzio wake."

Ni kweli alikuwa na wake. Kasuku alipofika miaka mitatu, Kinu alijaliwa mtoto wa kiume, akapona, akanyonya, akaanza kukimbia. Alimpenda sana. Lakini, tuseme tena ukweli, ulikuwa upendo usio na kelele, kwa kuwa hakuna aliyemgombania. Na ghalani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Unga wa soksi ulipigwa marufuku, vikaja vidonge vilivyowekwa na wanaume waliovaa barakoa, na wale wanawake wanane wakawa washonaji wa midomo ya magunia. Soksi nyekundu Kinu aliifua, akaitumia kufungia mlango wa banda la kuku.

Kasuku alikuwa na miaka sita walipokuja watu wa chuo cha udaktari kuwatafuta wapiga dawa wa zamani. Mkubwa wao alikuwa daktari mwanamke, mtu wa viatu bapa na sauti ya chini. Aliketi juu ya gunia kama wao, akawaeleza.

"Ule unga hauyeyuki kwenye maji. Unayeyuka kwenye mafuta. Ukiuvuta au ukipita kwenye ngozi, mwili hauwezi kuutoa wote kwa mkojo. Kwa hiyo unautunza. Unakwenda kukaa kwenye mafuta yenu, tumboni, mapajani, kifuani. Unakaa miaka mingi. Tunataka kujua umebaki kiasi gani."

"Basi sisi wengine tuna makopo," mmoja akasema, "Kinu ana ghala zima!"

Wakacheka mpaka msimamizi akachungulia. Kinu alicheka pia, akajipiga paja. Hakuona ubaya. Wakatolewa damu, na kipande kidogo cha mafuta kikachukuliwa kwa sindano upande wa nyonga. Kisha kila mmoja akaketi na daktari kujaza fomu: umri, miaka ya kazi, ulikuwa ukipeleka unga nyumbani? Na chini kabisa: watoto uliowanyonyesha, kuanzia wa kwanza.

"Wawili," Kinu akasema, akamtaja Kasuku kwanza.

Daktari akaandika. "Huyu wa kwanza ni wa kumzaa?"

"Nimemnyonyesha mimi. Miezi kumi na moja."

"Lakini mama yake ni nani?"

"Mdogo wangu. Aliugua. Maziwa yakakatika."

"Pole yake. Sasa sikiliza, huyo si lazima. Tukimweka itabidi mzazi wake atie saini, na mtoto atolewe damu. Naweza kuandika wako tu."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Angesema andika wangu, jambo lingeishia hapo, na hadi leo angekuwa anachambua mboga na kurusha methali. Lakini Kinu alikuwa akiitazama ile karatasi. Ilikuwa na mhuri juu, jina lake katikati, na chini ya jina lake, namba moja, jina la Kasuku kwa wino wa buluu. Miaka sita alikuwa hajawahi kuona mtu mwenye elimu akiandika hivyo.

"Waache wawili," akasema. "Yeye ndiye wa kwanza."

Kupata saini ya Mwalimu ilikuwa kazi. Alimkuta anapanga kadi za herufi mezani. Mwalimu akaisoma fomu yote, kama wasomavyo walimu, mpaka maandishi madogo ya chini.

"Watoto uliowanyonyesha," akasoma kwa sauti. "Na wewe ukamweka wa kwanza."

"Si ndiye wa kwanza?"

"Mpaka kwa madaktari, dada? Mpaka huko nako unataka wajue?"

"Nani kasema nataka wajue? Wameuliza, nimejibu. Ni kwa faida yake, atapimwa bure."

Mwalimu akatia saini, akaikandamiza kalamu hivi kwamba alama ikabaki kwenye kitambaa cha meza. Kinu aliondoka akitembea kwa raha kuliko alivyokuja.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Kila mwanamke alipewa bahasha yake, na unadhani walifanya nini? Wakakaa kwenye ngazi za zahanati wakalinganisha namba, kama wanafunzi walioletewa matokeo ya mtihani. "Wewe ngapi?" "Mimi mia mbili na kitu." "Mimi sitini tu, nilikuwa nakohoa, sikupiga sana." Ya Kinu ilikuwa mara mbili ya iliyomfuatia. Mmoja akasema, "Mwenzetu hata kwa hili katushinda," na Mungu amsamehe, Kinu alijisikia vizuri. Akaikunja karatasi yake polepole ili wote waione.

Kisha daktari akamwita ndani, akamwita na Mwalimu, aliyekuwa amekaa kando na Kasuku. Mwana wa Kinu alikuwa amebaki nyumbani na baba yake. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu, na mizani ya kusimamia. Kasuku akaivamia mizani papo hapo, akawa anapanda na kushuka.

Daktari akaweka karatasi tatu mezani. "Nianze na hili: hakuna mtoto mgonjwa hapa. Tumeelewana? Hizi ni namba, si ugonjwa. Tutawapima kila mwaka, basi." Akasogeza karatasi moja. "Huyu mdogo, wa miaka mitatu, ana kiasi kidogo sana cha unga ule. Ni kama watoto wengine wa hapa mtaani. Huyu mkubwa anacho kingi. Karibu mara tano ya mwenzake."

Mwalimu akamtazama daktari, kisha karatasi. "Mmechanganya majina."

"Hatukuchanganya. Tumerudia mara mbili."

"Lakini huyu ni mwanangu mimi. Mimi sijawahi kukanyaga ghalani. Wa dada ndiye huyu mdogo. Itakuwaje wa kwake awe safi, wangu awe..." Hakumaliza.

"Kwa sababu hakikupita tumboni, au kilipita kidogo," daktari akasema. "Kilipita kwenye maziwa. Mwili wa mama ukitengeneza maziwa unachota mafuta yake uliyoyaweka siku zote. Kilichomo kwenye mafuta kinakwenda nayo. Dada yako alikuwa amekaa miaka kumi na miwili akikusanya, hajawahi kunyonyesha mtu. Mtoto wa kwanza kunyonya ndiye anayepokea mzigo mkubwa. Wa pili anakuta umepungua sana. Nataka mnielewe vizuri: bila maziwa yale, huyu mtoto labda tusingekuwa naye hapa. Kwa mtoto aliyekuwa anatapika kila kitu, yalikuwa bora kuliko yote yaliyokuwepo."

"Kilo kumi na tisa!" Kasuku akapiga kelele kutoka kwenye mizani. "Mama mkubwa, njoo na wewe, tuone nani mzito!"

Mwalimu alikuwa amekunja mikono juu ya mkoba. "Kinatoka lini?"

"Polepole. Atakavyokua kitazidi kupungua. Lakini kitakaa miaka mingi. Ameshakitunza, kama mwili wa dada yako ulivyokitunza."

Na sasa sikiliza jambo ambalo Kinu hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Daktari aliposema kitakaa miaka mingi, moyo wake uliruka kwa furaha. Ulikuwa ni muda wa pumzi moja, lakini ilikuwa furaha, hakuweza kuipa jina jingine. Ndani ya mtoto yule kulikuwa na kitu kutoka kwake, kimekaa mahali ambapo Mwalimu hawezi kukifumua wala kukifua, na hakuna "mama amesema" itakayokiondoa. Pumzi ile ikaisha, akaona ni nini alichokuwa anakifurahia. Mama yao alikuwa akisema mchuma janga hula na wa kwao. Alilisema sana, kwa mambo ya ovyoovyo, maziwa yakiungua, sahani ikivunjika.

"Nikuulize," Mwalimu akasema, sauti yake ikiwa ileile ya darasani. "Kama mimi ningemnyonyesha hata nusu?"

"Angepata pungufu, bila shaka. Lakini yako yalikuwa yamekatika, dada yako alinieleza. Hilo si kosa la mtu."

"Yalianza kurudi," Mwalimu akasema. "Ila yeye mwenyewe alinikataa."

Alilisema kirahisi, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa, jambo ambalo ameshaishi nalo. Kinu alilisikia mara nyingi miaka yote ile na lilikuwa likimpoza roho. Leo liliingia mahali pengine.

Nje kulikuwa na benchi la mbao chini ya dirisha. Wenzake wa ghalani walikuwa wameshaondoka. Mwalimu alikaa kufunga mkanda wa kiatu cha Kasuku, na Kinu akakaa pembeni yake, akamtuma mtoto akahesabu madirisha ya zahanati yote, mbele na nyuma.

"Mwalimu."

"Nisikilize kwanza mimi," mdogo wake akasema. "Sina neno na wewe. Hukujua. Hata wao hawakujua. Daktari kasema ulimwokoa, na mimi nalijua hilo siku zote, ila lilikuwa linanichoma kulisema. Ahsante. Nimelisema."

Laiti angemtukana. Kinu alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa matusi alikuwa na majibu ya kutosha. Akatazama mikono yake, mifupi, yenye sugu za sindano ya magunia.

"Hakukukataa," akasema.

"Nini?"

"Kasuku. Hakukukataa. Nilikuwa namnyonyesha kwanza. Kabla sijamleta. Kila siku, asubuhi na jioni, namshibisha mpaka anatapika, halafu ndiyo namleta kwako. Angenyonyaje? Hata angekuwa malaika asingenyonya. Nilitaka yakatike." Akazikuna sugu za kiganja. "Nilikuwa nakuonea wivu. Wangu alikufa, wako akalia. Nikaona angalau hili liwe langu."

Kwa upande wa nyuma ilisikika sauti ya Kasuku, kumi na moja, kumi na mbili, hili limevunjika silihesabu.

"Miaka sita," Mwalimu akasema hatimaye. Hakuwa akizungumza na Kinu hasa. "Ninamsuka, akigeuza kichwa kidogo tu, basi moyo unanilipuka. Nasema, bado hanitaki. Akiwa na homa nikimkumbatia akajinyoosha, nasema, ndiyo hivyo, alishajua tangu mchanga kwamba mimi si kitu. Nafundisha watoto arobaini wa watu, wote wananipenda, na wangu mwenyewe namwogopa. Nilimnunulia viatu, dada. Nilikuwa namhonga mwanangu viatu."

"Nisamehe."

"Ile dawa nimekusamehe, hukujua. Hili lingine ulijua."



Kasuku akarudi mbio, kifua kinapanda na kushuka. "Kumi na tisa! Sawa na kilo zangu! Mama mkubwa, unajua kama ni sawa na kilo zangu?" Akasimama kati ya magoti yao, kama kawaida yake, akangoja wainuke.

Mwalimu akainuka, akampangusa vumbi kwenye sketi, akamshika mkono wa kulia. Kinu naye, kwa mazoea tu, akaanza kuinuka.

"Leo niache niwe naye peke yangu," Mwalimu akasema.

Kinu akakaa tena.

"Mama mkubwa haji?" Kasuku akauliza. "Kwa nini haji? Ameumwa na sindano?"

"Leo haji."

Wakaondoka. Kinu aliwatazama wakipita lango la zahanati, shingo ndefu na ile fupi iliyokuwa inafanana na yake, au alikuwa amejiambia hivyo. Wivu ulikuwepo palepale, haukuwa umekwenda popote. Ulimwambia ainuke, awafuate, aseme amesahau jambo. Alishika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili.

Walipofika ukingo wa barabara walisimama kupisha gari. Mwalimu aliangalia kulia, akaangalia kushoto, wakaanza kuvuka. Mtoto alikuwa ameshikwa mkono mmoja, na ule mwingine, wa kushoto, alikuwa ameunyoosha pembeni, vidole vimefunguka, kama avukavyo siku zote. Alitembea nao hivyo mpaka katikati ya barabara. Halafu akaushusha.